Anayeuliza Hana Jina

Magomeni, Mtwara
9 Machi 2008

Kaka yangu Eduardo,

Shikamoo. Kwenye simu kila nikikupata unasema uko barabarani, halafu inakatika, kwa hiyo naandika kama Baba alivyotuzoesha. Sisi hapa hatujambo. Mama goti linamsumbua mvua hizi zikinyesha, na kitambaa hataki kulifunga. Anasema ukilifunga goti unaliambia kwamba ni gonjwa. Shemeji yako Josephu yuko palepale bandarini, ila msimu wa korosho umekwisha, basi anarudi mapema na kutuongoza jikoni wakati hajui hata chumvi inakaa wapi. Wifi Raheli hajambo? Olinda ameanza mafundisho ya kipaimara? Mama amekwisha apa kwamba Septemba atakuwa Songea kumwona mjukuu wake akipakwa mafuta, hata kama goti litabaki huku.

Sasa nikueleze kazi. Yale mafunzo niliyoyaendea Dar mwaka jana yamezaa mambo. Maktaba ya chuo chetu imefungua dirisha kwenye mtandao. Mtu akiwa Newala, akiwa Nachingwea, hata huko kwenu, akikaa kwenye kompyuta anaandika swali na mmoja wetu aliyeko zamu anamjibu papo hapo kwa maandishi. Wanaita kuchati. Mimi ndiye nimepewa kuwafundisha wenzangu.

Ni kazi ngumu kuliko nilivyodhani. Mwajuma, ambaye mtu akisimama mbele ya meza yake hakuna wa kumshinda kwa kusaidia, akikaa mbele ya kioo cha kompyuta anaganda. Juzi tulijigawa vyumba viwili tufanye zoezi, akaanza kwa kuandika “Shikamoo”, kumbe upande wa pili ni Glory, binti mdogo ambaye Mwajuma angeweza kumzaa. Ukazuka ubishi mkubwa: mtu usiyemwona unamwamkia vipi? Mwisho tumekubaliana kuandika “Karibu maktaba”. Nimewafundisha pia kwamba ukiwa unatafuta kitabu usinyamaze, maana mwenzako hakuoni ukifungua kabati, ataona umemtupa. Mwandikie “Bado nipo”, kisha endelea kutafuta. Na sheria kubwa kuliko zote ni kwamba anayeuliza hana jina. Hatumwulizi yeye ni nani, na alichouliza hakitoki nje.

Wanaotuandikia bado ni wachache. Ukiwa na basi lako pale Ubungo unangoja siku ya kurudi, ingia intaneti kafe uulize lolote, wenzangu wapate mazoezi. Anwani nimeiandika nyuma ya karatasi. Kama unataka kunitania mimi, usije Alhamisi, siku hiyo huwa niko Naliendele nikiwafundisha wa maktaba ya kule.

Mdogo wako,
Celia

*

Songea
2 Aprili 2008

Mdogo wangu Celia,

Marahaba. Barua yako niliipata kwa kondakta, imekunjwa mara nne na inanuka samaki, lakini ilisomeka. Hapa wote wazima. Wifi yako amepata kibanda cha vitenge pale sokoni, sasa ana maneno mengi kuliko waziri. Olinda mafundisho ameanza, na anauliza kama bibi yake atamletea kitambaa cheupe.

Mwambie Mama asiwe na wasiwasi na safari. Njia ya Tunduru ataumia bure. Apande basi la Mtwara hadi Dar, alale kwa Mama Neema pale Mbagala, asubuhi nimchukue mimi mwenyewe. Tajiri amenunua basi jipya na amenikabidhi mimi. Kiti cha nyuma ya dereva nitamwekea, aone jinsi mwanawe anavyoupanda mlima Kitonga.

Hiyo kazi yako ya kuzungumza na watu wasioonekana siielewi, lakini nakupongeza. Mimi abiria wangu nawaona wote kwenye kioo na bado siwaelewi.

Msalimie shemeji.

Kaka yako,
Eduardo

*

Magomeni, Mtwara
27 Aprili 2008

Kaka Eduardo,

Shikamoo. Tumepata msiba wa jirani, yule mzee fundi cherehani, ndiyo maana nimechelewa. Mama amefurahi sana kuhusu kiti. Ameshaanza kuwaambia watu kanisani.

Wenzangu wanaendelea vizuri. Mwajuma sasa anaandika kwa vidole vinne na ameacha kuganda. Wiki iliyopita mwalimu mmoja wa Tandahimba aliomba kitabu cha hesabu, Mwajuma akamwuliza maswali mpaka ikajulikana kwamba kitabu hakitaki. Anachotaka ni namna ya kumfundisha mtoto asiyesikia. Ndicho ninachowahimiza kila siku: swali la kwanza la mtu mara nyingi ni mlango tu, lenyewe liko ndani.

Kaka, nina jambo dogo. Herufi zako zimekuwa kubwa. Zamani ukurasa mmoja ulikutosha kwa habari za mwaka, sasa mistari michache imejaza kurasa mbili, na mwingine umepanda juu ya mwenzake. Tena ulipokuja Januari kwenye arobaini ya baba mdogo ulijikwaa kwenye kigoda kilichokuwa wazi kabisa, upande wa kushoto, upande wa lile jicho lililochomwa na tawi la mkorosho ulipokuwa unaniangulia mabibo. Tulicheka siku ile. Umekwenda kupima macho?

Celia

*

Songea
25 Mei 2008

Celia,

Hatujambo. Baridi imeanza.

Macho yangu yana vumbi la barabara, kama macho ya dereva yeyote. Nimeandika barua ile gari likiwa linatikisika. Nimeendesha basi miaka mingi bila kumkwaruza hata kuku wa mtu, na tajiri anajua. Usianze maneno hayo mbele ya Mama, wala usimpigie wifi yako simu kumtia hofu. Ana kibanda cha kushughulikia.

Kipaimara ni Septemba, tarehe saba. Mama afike Dar siku tatu kabla.

Eduardo

*

Magomeni, Mtwara
22 Juni 2008

Kaka Eduardo,

Shikamoo. Mama hajambo, goti limepoa na mvua kwisha. Josephu alipata homa kidogo, sasa amepona. Salamu zako kwa Mama nimempa, ingawa hukuandika salamu yoyote.

Wifi sikumpigia. Leo nakuandikia habari ya kazini.

Alhamisi moja ya mwezi huu mtu alituandikia. Hakusema yuko wapi. Alimwandikia aliyekuwa zamu hivi: “Rafiki yangu ni dereva. Mbele anaona, lakini pembeni ni kama anachungulia kwenye bomba. Usiku taa zinakuwa na duara. Huo ni ugonjwa gani?”

Akajibiwa: “Karibu maktaba. Sisi si madaktari, ila naweza kukutafutia yaliyoandikwa na madaktari. Rafiki yako amewahi kuumia jicho?”

“Aliumia la kushoto utotoni. Alichomwa na tawi la mkorosho.”

Aliyekuwa zamu alikawia kidogo hapo. Kisha akatafuta, akamwekea maelezo ya presha ya macho, kwa Kiswahili chepesi, na majina ya hospitali zenye daktari wa macho, mojawapo karibu na Songea.

Yule mtu akauliza: “Inapona?”

“Kilichokwisha potea hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa, akiwahi.”

Mtu alinyamaza. Aliyekuwa zamu akaandika “Bado nipo”. Ukapita muda, akaandika tena. Halafu akauliza: “Rafiki yako anaendesha gari gani?”

“Basi.”

“Bado anaendesha?”

Hakujibu tena. Upande wetu iliandikwa “Bado nipo” hadi maktaba ilipofungwa.

Mazungumzo kama haya huwa tunayazungumzia kwenye mafunzo, lakini haya sikuyapeleka. Niliwauliza wenzangu juujuu tu, bila mkorosho na bila basi, kama mhudumu anaruhusiwa kumwuliza mtu swali ambalo mtu mwenyewe hakuja nalo. Mwajuma alisema hapana. Alisema tumefundishwa kutafuta anachohitaji mwulizaji na si tunachohitaji sisi. Glory akasema: na wanaokaa nyuma ya mwulizaji je? Nikashindwa kuamua, na mimi ndiye mwalimu.

Wewe unaonaje?

Celia

*

Songea
10 Julai 2008

Celia,

Naona hivi. Mtu alikuja kwenu kwa sababu mlitangaza kwamba hana jina. Akachagua siku yake, akasema neno ambalo hajamwambia mkewe. Nyinyi mnakwenda kuliandika kwenye barua na kulisafirisha kwa basi, kondakta akiwa na nafasi ya kulifungua. Hiyo ndiyo sheria kubwa kuliko zote uliyonisifia Machi? Angejua, angekaa na ujinga wake.

Tena mtu wa namna hiyo ana watoto. Akisema leo haoni pembeni, kesho leseni haipo, na kesho kutwa tajiri amemsahau jina. Wenye mishahara ya serikali hawajui hayo.

Uliniuliza, nimekujibu. Umemweleza nani mwingine?

Eduardo

*

Magomeni, Mtwara
20 Julai 2008

Kaka,

Shikamoo. Nimemweleza mtu mmoja tu, wewe.

Na aliyekuwa zamu ni mimi. Alhamisi ile Naliendele hakukuwa na umeme, semina ikaahirishwa, nikarudi nikampokea Mwajuma aende kliniki na mtoto. Nilipoona neno mkorosho nilijua ni wewe. Nilitaka kuandika jina lako, nikakumbuka ninachowafundisha watu. Nikaandika kama mtumishi wa maktaba, kwa sababu ulikuja kuzungumza na mtumishi wa maktaba, hukuja kwa mdogo wako.

Kwa hiyo mambo ya Alhamisi ile nitayaacha hukohuko. Sitamwambia wifi, wala tajiri, wala Mama. Lakini kigoda na herufi niliviona kwa macho yangu mwenyewe, nikiwa dada yako. Kwa hivyo viwili nina haki ya kusema. Nenda hospitali kabla ya Septemba. Usipokwenda, Mama hatapanda basi lako. Nitamwambia sina nafasi ya kumsindikiza, nitamwambia chochote.

Na abiria wengine nao wana watoto wao.

Celia

*

Magomeni, Mtwara
3 Septemba 2008

Kaka Eduardo,

Shikamoo. Julai yote iliyobaki na Agosti nzima hukujibu. Nimepiga simu, Olinda anapokea anasema Baba amelala.

Mama ameondoka. Nilimwambia safari haipo, sina ruhusa kazini. Alinisikiliza, akasema “Sawa, mwanangu”, akaendelea kula. Leo asubuhi nilikwenda kufungua maktaba, niliporudi mchana nikakuta chumba kimefagiliwa na begi halipo. Josephu anasema aliombwa tu kubeba mzigo hadi stendi, akadhani nimekubali. Yuko njiani kwenda Dar na Mama Neema atampokea. Keshokutwa alfajiri atakuwa Ubungo akitafuta basi lako.

Simu yako imezimwa. Ya Mama Neema haipatikani. Barua hii nampa dereva wa basi la kesho alfajiri, nimemsihi aitafute ofisi yenu Ubungo aiweke mkononi mwako. Sijui kama itafika kabla yake.

Leo zamu ya jioni ilikuwa yangu. Mtu wa Masasi aliomba vitabu vya ufugaji wa kuku. Nilimwandikia “Karibu maktaba”, halafu sikujua niandike nini. Mwajuma alinisogeza kwa bega akakaa yeye.

Kaka, usimpakie. Mwambie gari bovu. Mwambie lolote.

Celia

*

Songea
21 Septemba 2008

Mdogo wangu Celia,

Mwandiko huu ni wa Olinda, maneno ni yangu. Ameapa kwamba anachokiandika hatakisimulia shuleni, na mimi nimemwamini. Mama hajambo. Kipaimara kimepita salama, kitambaa cheupe kililetwa, na wifi yako anakusalimu ingawa bado amenikasirikia kwa kumficha. Amekasirika kweli. Siku mbili alikuwa ananiwekea chakula bila neno.

Nianze na hospitali. Nilikwenda Jumatatu iliyofuata kipaimara. Daktari alinikemea kama mtoto. Jicho la kushoto limekwisha, halitarudi. La kulia limepungua pembeni, lakini kwa matone kila siku, bila kuruka, anadhani litabaki hivi. Kuendesha basi, basi tena. Tajiri nimemwambia mwenyewe. Hakunifukuza kwa matusi kama nilivyodhani, aliuliza tu funguo za akiba ziko wapi. Mbele siioni bado. Wifi yako anasema nitakaa kibandani kupima vitenge. Mimi, Celia, kupima vitenge.

Barua yako ya tarehe tatu niliipata nikiwa nimesharudi Songea. Haikuwahi.

Ile Ijumaa alfajiri nilikuwa nimeshawasha injini. Kwa kweli nilikuwa naendesha kwa kukariri. Barabara yote iko kichwani, naijua kona kwa kona. Lakini mwezi Julai, baada ya Ruaha Mbuyuni, kulikuwa na mama na kuni kichwani upande wa kushoto. Sikumwona. Nilisikia kondakta akipiga bati na abiria wakipiga kelele, nikakata usukani. Tulimkosa. Alikaa chini palepale barabarani, kuni zimetawanyika, ananitazama. Barua yako ya Julai nilikuwa nayo mfukoni siku hiyo. Ndiyo maana sikujibu.

Basi, nikawa naangalia kioo, nikamwona Mama anapanda ngazi. Amevaa lile gauni la kijani la Pasaka. Kondakta akamshika mkono, akamwonyesha kiti cha nyuma yangu. Akakaa, akaweka mfuko mapajani, akasema, “Nimefika, Eduardo. Twende.”

Mkono ulikuwa kwenye gia. Nikajiambia twende, barabara naijua. Mguu ukakataa. Abiria wakaanza kulalamika kwamba muda umepita. Nikazima injini. Dickson, dereva wangu wa pili, alikuwa bado anakunywa chai dirishani kwa mama ntilie. Nikamwita nikampa funguo. Akauliza, “Unaumwa, bro?” Nikamwambia, “Ndiyo. Macho.” Neno hilo sikuwahi kulitamka kwa mdomo. Nililiandika mara moja tu, kwako.

Nikaenda kukaa karibu na Mama. Akataka tuhamie viti vya upande wa kushoto, yeye akakaa dirishani. Hakuuliza kwa nini dereva yuko kwenye kiti cha abiria. Tulivuka Morogoro. Tulipoingia Mikumi akaanza kusema, taratibu, bila kunigeukia: “Kushoto kuna tembo wawili, na mdogo wao.” Baadaye: “Kushoto kuna mtu na baiskeli, amebeba mkaa.” Kitonga nzima alikuwa ananisomea upande ule. Bonde liko hapa, mwanangu. Lori limelala hapa. Watoto wanauza vitunguu hapa. Nilifunika uso kwa kofia ili wenzangu wasinione.

Sasa nakuuliza, na nitaamini utakachojibu. Uliniandikia kwamba umemweleza mtu mmoja tu. Mama alijuaje?

Kaka yako,
Eduardo

*

Magomeni, Mtwara
19 Oktoba 2008

Kaka Eduardo,

Shikamoo. Mama amefika salama juzi, amechoka, amevimba miguu, na amemletea Josephu mahindi ya Songea ambayo tayari yamekwisha. Mwambie wifi nimeipata kanga na nimeipenda. Mwambie Olinda mwandiko wake ni mzuri na siri ameitunza vizuri kuliko watumishi wengine ninaowafahamu.

Kazini, Mwajuma sasa ndiye anayefundisha siku za Alhamisi. Niliomba mwenyewe. Kuhusu lile swali letu, kama inaruhusiwa kuuliza “Bado anaendesha?”, hatujakubaliana mpaka leo. Mwajuma anasema nilivunja sheria. Namwambia inawezekana. Wageni wapya wakija kujifunza tunawaachia wabishane wenyewe.

Sikumwambia Mama. Naapa kwa kaburi la Baba.

Jana nilimkuta uani anachambua mchele, nikakaa karibu naye nikamwuliza. Hakuinua kichwa. Alisema, “Alipokuja Januari nilimpa kikombe cha uji, akakipapasa kwanza ndipo akakishika. Macho ya baba yenu yaliishia hivyohivyo. Mkewe hakuona, na wewe ulikuwa unacheka habari ya kigoda.”

Nikamwuliza, kama alijua tangu Januari, kwa nini akapanda basi lile. Kwa nini alinitoroka, mwanamke mwenye goti bovu, akaenda kukaa nyuma ya dereva asiyeona.

Akapepeta ungo, pumba zikaruka. Akasema, “Nyinyi mlikuwa mnaandikiana, mimi sijui kuandika. Nilijua mwanangu akiniona nimekaa nyuma yake hatathubutu kuniendesha.”

Celia